Ua la Katikati ya Sahani

Ninyi vijana mlioingia kazi ya macho juzi juzi mna mashine zenu, taa zenu nyembamba na ubao wa herufi unaowaka kama televisheni. Mimi nilikuwa na sahani. Ilikuwa sahani nyeupe ya bati, na katikati yake kulichorwa ua jekundu lenye majani mawili. Nilipewa na Masera Godeliva, mtawa muuguzi aliyenifundisha kazi, baada ya kunikuta nikimfokea mgonjwa. Sahani hiyo iliwapeleka wazee wengi wa Rusizi kwenye kitanda cha upasuaji, na mwisho wake ikanipeleka mimi mwenyewe, mwanamke mzima, kwa kubembelezwa. Kwa hiyo kaeni vizuri, maana leo nacheka peke yangu nikiandika.

Kwanza mnijue. Mimi si daktari na sikuwa hata muuguzi kamili. Nilikulia Bukavu, familia yetu ikarudi upande huu wa mpaka, hapa Rusizi, nami nikapata kazi ya kufagia wodi ya macho. Kwa kuwa nilikuwa na Kiswahili, Kinyarwanda na Kimashi cha kuombea maji ya kunywa, wauguzi wakaanza kuniita niwafasirie wagonjwa. Ufagio ukaniponyoka polepole, maneno yakabaki. Kazi yangu ikawa kupanda vilima vya Nkanka na kushuka kwenye joto la Bugarama, kukaa na mzee ambaye watoto wake wamechoka kumbembeleza, na kumsaidia aamue kama atakubali kutolewa mtoto wa jicho. Huku kwetu wanauita ishaza. Ni ile lenzi ya ndani ya jicho inayoshikwa na ukungu kidogo kidogo, mpaka mtu anaishi ndani ya moshi na anafikiri dunia nzima ndiyo inayofuka.

Sasa kule kufoka. Nilikuwa mgeni kazini na mwenye haraka. Nilikuwa nimemkalisha mzee mmoja kwenye benchi, nikamuuliza kama anaona. Akasema anaona. Nikamuuliza kama anaona vizuri. Akasema vizuri sana. Na alikuwa amegeukia ukuta. Nikapandisha sauti, naye akapandisha yake, na Masera akanishika mkono akanitoa nje.

"Usimuulize muntu kama anaona," akaniambia. "Kila muntu anaona. Umuulize aliacha kufanya nini."

Basi hiyo ndiyo elimu yangu yote, mengine ni mapambo. Alirudi ndani, akaketi karibu na yule mzee, akamuuliza habari za jioni zake, na kabla chai haijapoa mzee alikuwa amekiri mwenyewe kwamba hachezi tena bao la igisoro na wenzake kwa sababu wanamwibia kete. Akapasuliwa wiki ileile. Nafikiri alikwenda kuwakomesha wale wezi.

Kesho yake Masera akaniletea sahani. Alinionyesha jinsi ya kuitumia. Unachukua konzi ya mchele wa Bugarama, ule wa mashine za zamani uliokuwa na vijiwe vingi, unautandaza, unampa mtu auchambue. Unamwambia aanzie katikati na kusogeza mchele safi pembeni. Ua likitokea, katikati kumekwisha, na hapo unamuuliza kama analiona. Humwambii kwamba unampima. Unapiga naye hadithi tu, na macho yake mwenyewe yanamweleza ukweli, taratibu, bila mtu wa kumwaibisha. Halafu unampeleka kwa daktari, kwa sababu sahani haitibu mtu.

Visingizio nilivisikia vyote. Kulikuwa na mama wa Bugarama aliyesema atakuja mpunga ukishavunwa, na mpunga wa Bugarama ukivunwa unapandwa mwingine, kwa hiyo nilimngoja misimu mingi. Kulikuwa na baba mrefu, mpana, aliyeambiwa sokoni kwamba hospitalini wanakutoa jicho na kukuwekea la mbuzi. Hakukataa. Aliomba tu lake liwe la ng'ombe, maana mbuzi, alisema, anaangalia chini sana na yeye ni mtu wa kusalimiwa kwa mbali. Nilimwapia kwamba hakuna jicho linalotolewa, kwamba wanafungua kidirisha kidogo, wanatoa ile lenzi yenye ukungu, wanaweka nyingine safi ya plastiki, ndogo kuliko punje ya dengu. Alisikitika kidogo, nadhani alikuwa ameshawatangazia watu habari za ng'ombe.

Na mabadiliko, jamani! Nilipoanza, tulikuwa tukiwarudisha watu nyumbani tukiwaambia ishaza halijaiva, warudi likiiva, kama ndizi. Watu walikaa gizani wakingoja kuiva. Waliporudi, walipasuliwa, wakashonwa kwa nyuzi, wakapewa miwani minene iliyowafanya wafanane na bundi. Siku hizi hakuna kungoja kuiva. Ukungu ukishakuzuia kufanya unayotaka kufanya, na daktari akiona jicho linafaa, inatosha. Unachomwa ganzi, uko macho unasikia kila kitu, na kesho yake bandeji inatolewa. Lakini yale mambo ya baada ya hapo hayakubadilika, na ndiyo watu wanayoyadharau: matone kwa wakati wake, usisugue jicho, usibebe mzigo, usiinamie moto. Na majani ya kukamulia machoni mwakataze kwa nguvu zote, maana nimeona jicho lililokuwa linapona likaharibiwa na jirani mwenye huruma.

Yule niliyempenda kuliko wote alikuwa Mzee Karoli wa Nkanka. Alikuwa mkulima wa kahawa, mfupi, mwenye koti refu la mvua ambalo alilivaa hata kiangazi. Wanawe walinijulisha kwamba kituo cha kuoshea kahawa kinamrudishia vikapu vyake kila mara, kwa sababu anachuma mbichi na mbivu pamoja. Nilipomuuliza, alinijibu bila kupepesa.

"Macho yangu haina shida, maman. Kahawa njo imeanza kuiva vibaya."

Nilikwenda kwake mara nyingi. Tulichambua mchele mwingi, na vijiwe alivyoviacha vingetosha kujenga kibaraza. Siku moja nilimuuliza aliacha kufanya nini, akasema ameacha kwenda shambani peke yake. Akaniuliza kama operesheni inakubali kila mara. Nikamwambia hapana. Nikamwambia inakubali kwa wengi, kwa wachache inakataa, na daktari ataangalia kwanza kama nyuma ya jicho hakuna ugonjwa. Alikubali kwenda kupimwa tu. Wote husema hivyo, kupimwa tu. Asubuhi ya kufunguliwa bandeji nilikuwa mbele yake na sahani yangu, akaitazama, akanisahau mimi na daktari na wanawe wote.

"Ua ni nyekundu," akasema. "Nyekundu sawa kahawa."

Tangu siku hiyo kila msimu wa kahawa nilikwenda Nkanka kumsalimia, ananichemshia viazi, tunakaa tunaangalia ziwa na kusengenya watu. Hiyo ilikuwa faida ya kazi yangu ambayo haikuwa kwenye mkataba.

Si kwamba kila mtu alifurahi, msidanganyike. Kulikuwa na bibi mmoja aliyefunguliwa bandeji akarudi kwake, akaona kwa mara ya kwanza masizi ya jikoni, utando wa buibui na shingo za wajukuu. Baada ya siku chache wakwe zake walikuja wodini, wamechoka hoi, wakasimama mlangoni kwa adabu.

"Maman, tafazali, mumurudishie ishaza yake," mmoja akasema. "Tangu arudi hatupumuzikake."

Tulicheka mpaka Masera akatoka kuona nani amekufa. Lakini yuko mwingine ambaye simcheki. Maman Yuliana wa Bugarama alinisikiliza, akakubali, akapasuliwa vizuri kabisa, na alipofunguliwa hakuona ila mwanga wa dirisha na kivuli changu. Ishaza lilikuwa limeficha ugonjwa mwingine nyuma yake, kwenye mshipa wa kuonea. Daktari alikuwa amemwonya, nami pia. Hakunilaumu. Alinishika uso kwa viganja vyote viwili akasema afadhali alijaribu, sasa anajua. Mimi nililia, yeye akanibembeleza. Nilimbeba moyoni miaka yote, na mtaona kumbukumbu yake ilikuja kunifanya nini.

Miaka yangu ya mwisho kazini niliona jambo la ajabu. Nilidhani watu wa Rusizi wameharibika macho wote kwa pamoja. Wengi niliowauliza kuhusu ua walikuwa wananishangaa. Dada mmoja muuza parachichi soko la Kamembe alimleta mama yake, na wakati mama anachambua, nikamuuliza binti naye kama analiona ua. Akasema, "Ua gani, maman?" Nikamhurumia, kijana vile. Nikamsukuma kwa daktari pamoja na mama yake. Daktari akampima, akamwona mzima, akamrudisha kwa parachichi zake, nami nikatikisa kichwa nikifikiri madaktari wa siku hizi wanapima haraka mno. Clarisse, ambaye ninyi nyote mnamjua kwa kuwa ndiye mkubwa wenu sasa, wakati huo alikuwa msichana niliyekuwa namfundisha. Alikuwa anasimama nyuma yangu akiuma midomo. Nilifikiri ni huzuni.

Nikastaafu. Wakanipa wimbo, keki, na sahani yangu niende nayo.

Nyumbani tuko mimi, mume wangu Silas, aliyekuwa fundi mwashi, na Furaha, kifungua mimba wetu, anayevusha vitenge kwenye mpaka wa Bukavu uitwao Rusizi ya kwanza na kuishi kwetu na wanawe. Nilipostaafu niliomba kazi moja tu: mchele wa Jumapili niuchambue mimi. Wa siku nyingine wapike wanavyotaka, lakini wa Jumapili, familia ikitoka kanisani, utoke kwenye mkono wangu, kutoka sahani moja kwa moja mpaka sufuria, asiuguse mtu. Walikubali. Kila Jumapili walikula kimya, kwa unyenyekevu, wakitafuna polepole na midomo wameifunga. Niliona fahari. Nilimwambia jirani kwamba watoto wangu wamelelewa, hawali kama watu wanaofukuzwa.

Silas akavunjika jino. Alisema ni mfupa wa mbuzi.

Na mimi je? Mimi nilikuwa mzima. Ila umeme ulikuwa umepungua nguvu, nikabadilisha taa za nyumba nzima. Miwani yangu ilikuwa inachafuka kila saa, naifuta kwa kitenge, inachafuka. Pikipiki za siku hizi zilikuwa zimefungwa taa kali zinazochanua kama miiba. Furaha aliniletea kitenge cha buluu, nikamwambia bila kumficha kwamba wamemwibia, buluu hii imekufa, inafanana na majivu. Akasema ndiyo, maman. Na msimu wa kahawa ulipofika sikwenda Nkanka, kwa sababu ya goti. Msimu uliofuata pia, goti.

Mnaona? Mimi ndiye niliyekuwa navijua visingizio vyote, kwa hiyo nilikuwa na akiba kubwa kuliko mtu yeyote.

Jumapili moja nilikuwa kibarazani nimemaliza kuchambua, mtu akaingia langoni na kifurushi. Niliona kitambaa kirefu kinakuja. Nikamkaribisha kwa sauti, nikamwita maman wa mboga, nikamuuliza kama leo ameleta lengalenga nzuri. Akasimama. Nikasikia Furaha ameacha kuosha vyombo.

"Maman Furaha," akasema, "ni miye, Karoli."

Nikacheka, nikamwambia jua limenipiga machoni. Kulikuwa na mawingu tangu asubuhi. Alikaa, akapewa chai, akaweka kahawa yake aliyoikaanga mwenyewe mezani, na kuniuliza kwa nini niliacha kuja. Nikamweleza habari za goti. Alikuwa ameniona nikichuchumaa kumimina chai na kuinuka bila kushika kitu, lakini ni mtu wa heshima, hakunibishia. Aliomba tu nimpe sahani.

Nikampa kwa majivuno, maana ilikuwa imeshachambuliwa. Mzee yule, asiye na miwani, akaanzia katikati kama nilivyomfundisha. Akaokota kijiwe, akakiweka mezani. Kikalia ti. Akaokota kingine. Silas akakumbuka ghafla kwamba kuna mbuzi wa kufungwa, lakini Karoli akamwambia abaki. Vijiwe vikaendelea kulia mezani. Alipomaliza, akasogeza mchele wote pembeni, akanigeuzia sahani.

"Ua iko wapi?" akaniuliza.

"Si ile pale katikati," nikamjibu, nikaweka kidole. "Nyekundu, na majani yake mbili."

Karoli akamtazama Silas. Silas akatazama miguu yake. Mwisho mume wangu ndiye aliyesema.

"Maman Furaha, ile jino yangu haikuvunjika na mufupa," akasema. "Ni muchele yako."

Nilicheka. Nilicheka kwa nguvu, nikamwonea huruma, nikacheka tena, na katikati ya kicheko nikagundua ninalia. Furaha akaja kukaa karibu nami. Akasema walikuwa wanaogopa nitafikiri wameninyang'anya kazi yangu ya mwisho, wakaona heri watafune. Wajukuu zangu walikuwa wamejifunza kumeza vijiwe kimya kwa sababu ya bibi yao. Sijawahi kupendwa vibaya namna ile, wala vizuri namna ile.

Basi nikatoa ukweli. Nikawaambia nimejua tangu muda mrefu kwamba kuna ukungu, ila nilikuwa nauita majina mengine. Nikawaambia nimesimama kando ya kile kitanda miaka mingi, nakijua kila chombo, na anayekijua kila chombo anaogopa kila kimoja kwa jina lake. Nikawaambia habari za Maman Yuliana. Nilipokuwa nafumba macho kuwaza kupasuliwa, nilikuwa nasikia viganja vyake usoni mwangu. Sasa hivi naona kidogo, nikasema. Na hicho kidogo kikienda, je?

Karoli alingoja nimalize. Kisha akaniuliza kama nilimwambia uongo wakati ule, kule Nkanka. Nikasema hapana. Akaniuliza nilimwambia nini. Nikarudia: inakubali kwa wengi, kwa wachache inakataa, na daktari anaangalia kwanza.

"Na miye nilienda na woga yangu," akasema. "Haikubaki ku nyumba. Tulienda nayo, ikaikala pembeni yangu mu gari. Weye unangojea itoke kwanza?"

Nikamwongezea chai. Halafu akaniuliza lile swali, swali la Masera, kwa sauti ileile niliyomwulizia mimi.

"Uliacha kufanya nini, maman?"

Nikamwambia niliacha kuja kwake. Nikamwambia ile njia ya kushuka kwake, yenye mawe na mizizi, sikuiona tena mwisho wake, nikaona haya kuomba mtu anishike mkono. Nilisema nitakwenda kupimwa. Kupimwa tu. Akacheka mpaka koti lake likatikisika, kwa sababu na yeye alisema hivyohivyo.

Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, hakunijua. Aliniangalia mbele ya jicho na nyuma yake, akaniambia kwa anavyoona hakuna ugonjwa mwingine, lakini hawezi kuniapia. Alinipa nafasi ya kurudi nyumbani kufikiri, akasema si jambo la kulazimishwa, macho yangu hayatalipuka kesho. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema basi nitafikiri. Akaniuliza nataka kuona kwa ajili ya nini. Nikasikia sauti yangu inasema nataka kushuka Nkanka bila kushikwa mkono. Akaandika jina langu, na mimi nikaliacha liandikwe.

Siku yenyewe Clarisse alikuwa pale. Alinishika mkono, akaniambia nisikilize sauti yake tu, nisitingishe kichwa, nikitaka kukohoa niseme kwanza. Maneno yangu yote hayo, ameyatunza kama vyombo vya mgeni. Nilitaka kumsahihisha mahali pamoja, akaninyamazisha. Woga ulikuwapo kweli, umekaa pembeni kama alivyosema mzee. Nikaona mwanga, rangi zinazoogelea, nikasikia maji, wakasema tumemaliza. Nilikuwa sijamaliza hata kusali.

Kesho yake wakatoa bandeji. Sikilizeni, mimi nilishuhudia asubuhi hiyo kwa watu wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na sikujua ni nini mpaka ilipokuwa yangu. Shuka lilikuwa jeupe. Jeupe! Nilikuwa nimeishi kwenye dunia ya rangi ya chai na maziwa bila kujua. Furaha alikuwa amesimama mlangoni amefunga kile kitenge, na buluu yake ilinipiga kifuani, buluu ya ziwa saa za mchana. Nikamwomba msamaha papo hapo, kwa niaba ya buluu. Silas alikuwa amezeeka kidogo na alikuwa mzuri. Nilimwambia yote mawili.

Tukarudi nyumbani. Nilikatazwa kuinama na kubeba, lakini hakuna aliyenikataza kuangalia, kwa hiyo niliangalia kila kitu, mpaka nikafika kwenye rafu ya jikoni na kushusha sahani yangu.

Hapakuwa na ua.

Nikaigeuza nikidhani nimeishika upande wa chini. Nikaipeleka mlangoni penye jua. Ilikuwa nyeupe tupu, iliyochubuka, na katikati imesuguliwa na vidole vya wazee wote wale na mchele wote ule mpaka hakuna hata kivuli cha jani. Nikamwita Silas. Nikamuuliza ua lilifutika lini. Akasema zamani sana, hata nilipokuwa bado kazini. Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Ulikuwa unaipenda," akasema.

Nilikaa chini. Nikamkumbuka yule dada wa parachichi. Nikawakumbuka wote walionishangaa, watu wenye macho mazima niliowahurumia, huku mimi ndiye niliyekuwa naliona ua kwa kumbukumbu. Nilicheka hadi Furaha akaniomba ninyamaze, jicho lisije likaumia.

Niliporudi kuangaliwa nilimweleza Clarisse, nikiwa na haya. Macho yakamtoka. Akasema wao walikuwa wanajua siku zote kwamba ua halipo, ila walidhani ni mbinu yangu. Walikuwa wameona kwamba mwenye macho mazima anauliza ua gani, na anayeficha ishaza lake ndiye anayesema kwamba analiona, tena ni zuri sana. Walifikiri nilikuwa nawatega wagonjwa kwa akili nyingi. Nilipostaafu walinunua sahani nyeupe isiyo na ua, na mpaka leo wanauliza watu kuhusu ua. Basi, watoto wangu, endeleeni, sahani hiyo si ya kubadilishwa. Ila mzee akilisifu ua, msimcheke. Mimi pia nililisifu, mbele ya familia yangu, na kidole nikaweka.

Jicho la pili nilipasuliwa baadaye, bila kubembelezwa na mtu. Sokoni Kamembe nilimtafuta dada wa parachichi, nikamweleza. Alicheka akaniongezea parachichi moja kubwa.

Kisha, daktari aliponiruhusu kutembea njia ndefu, kahawa ikiwa imeiva, nikashuka Nkanka peke yangu. Niliona kila jiwe. Niliona mizizi, mjusi, kifungo cha shati kilichodondoka kwa mtu. Kahawa ilikuwa nyekundu pande zote mbili za njia, na pale chini Karoli alikuwa amesimama na koti lake, nami nikamtambua kabla hajanitambua, nikamwita jina kutoka mbali ili ajue. Alikuwa amechemsha viazi. Nilikuwa nimemletea mchele wa Bugarama niliouchambua mwenyewe, na sahani kwenye mkoba. Akauchunguza kwa makini, akatafuta kijiwe, akakosa. Akausogeza pembeni, akanigeuzia sahani, uso mkavu kama hakimu.

"Na ua?" akaniuliza.

"Ua gani, muzee?"

Akapiga kofi gotini, akacheka mpaka wanawe wakaja mbio kutoka shambani, na tukala viazi.